Hodi ya Tatu

Wifi yangu Zaituni ana mimba ya miezi saba, na ni ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika. Naliweka hili mbele kabisa ili ujue kwa nini nilishtuka vile asubuhi ile katikati ya shamba, kipimo mkononi, wageni wakiwa njiani.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno. Nilishuka bonde la Kwemvumo saa tatu asubuhi, pazia la kivuli likiwa bado limefungwa juu ya miti na ukungu umekaa chini yake kama mvuke wa sufuria. Matufaha yamejaa kila tawi. Mimi naitwa Mwajabu, mhandisi wa chembe, na shamba lile lilikuwa la kwanza nchini kunyunyiziwa kitu nilichokibuni mwenyewe. Nilikiita Hodi. Saa sita ujumbe wa Bodi ya Matunda ungekuja kukikagua, na wakiridhika kingeruhusiwa kwa milima yote. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, shambani, kwenye tope. Nilikuwa najiona, sina la kuficha.

Nikawakuta kina Zaituni, wanawake kumi na wanne, wamejipanga kwenye mistari ya miti. Wanapangusa matufaha yakiwa yangali mtini, moja moja, kwa viganja vitupu.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunafanya nini tena, wifi? Wageni wanakuja," Zaituni akasema bila kugeuka. "Ulitaka wakute tunda lina michirizi ya chokaa kama ukuta wa choo?"

Kwingine mgeni akija uwanja hufagiwa. Kwemvumo uwanja hufagiwa na tunda hupanguswa, ndivyo walivyokuta na ndivyo wanavyofanya. Getini nilikuwa nimetundika tangazo kubwa: asiguse mtu tunda siku mbili baada ya dawa. Na dawa ilikuwa imepigwa alfajiri ile ile, nami nikadhani ni kuwahi wageni. Walilisoma wote. Waliona tu kwamba haliwezi kuwa linahusu siku ya wageni.

"Na glavu?"

"Zinakwaruza, zinaondoa mng'aro. Tunda halishikwi na mtu aliyevaa soksi mkononi." Wenzake wakacheka.

Nikacheka na mimi. Nikampitishia kipimo kwenye kiganja kwa utani tu, maana kipimo kile hulia kikikuta Hodi, na nilitaka awatishe wenzake wakanawe. Kikalia. Nikapeleka mkono wa pili, kikalia. Kilimlilia mpaka kwenye viwiko. Viganja vyake vilikuwa vimelowa umande na jasho.

"Ni nini?" akauliza, akanyoosha mikono kwangu, viganja juu.

Nami nikarudisha mkono wangu nyuma.

"Chokaa tu," nikasema. "Nenda kanawe. Wote nendeni mkanawe."

*

Nilijifungia kwenye kibanda cha tangi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kuna jambo nililokuwa nalijua mimi, Zaituni hakulijua. Tangu majokofu makubwa yapigwe marufuku ili umeme ubaki kwa hospitali na visima, tufaha letu hushuka kwenda nyanda za chini kwa magari ya jua, siku thelathini barabarani, na joto lile. Jokofu pekee tulilobakiwa nalo limo ndani ya tunda lenyewe, nalo ni kalsiamu. Ndiyo inayoshikisha kuta za tunda zisiachane. Ikipungua, utaona vidoa vya kahawia chini ya ganda, vichungu, halafu tunda zima linalegea kabla halijafika Mombo, pale chini ya mlima. Kaya mia tatu za bonde hili zinaishi kwa tunda linalofika likiwa gumu.

Shida ni kuifikisha humo. Ukiimwaga kwenye mizizi, inapanda na maji, na maji yanakimbilia majani, kwa kuwa majani ndiyo yanayopumua sana. Tunda linaambulia tone. Ukiipiga kwenye majani, inakwama huko huko. Utomvu unaoshusha sukari kutoka jani kwenda kwenye tunda haukubali kubeba kalsiamu. Kwa hiyo lazima uipake kwenye ganda la tunda lenyewe, kila tunda lipate lake, na ganda nalo lina tabia zake. Tunda changa ni jepesi: lina vitundu vya kupumulia na vinyweleo, na pale kinyweleo kinapong'oka huacha upenyo. Linapokua, vitundu vinaziba na kuwa vile vidoa vidogo unavyoviona, nta inatanda juu, na kalsiamu inakaa nje mpaka tone linakauka. Tone likishakauka, kilichobaki ni vumbi.

Ndipo nikabuni chembe, ndogo kuliko unga wa poda. Zikilowa zinaamka. Zinagonga ganda kwa namna yao, na ganda likijibu linafunguka kidogo, chembe inaingia na mzigo wake. Ikishamaliza hodi zake bila kujibiwa, chembe inakufa. Nilizipangia hodi tatu, kama ustaarabu unavyotaka, na nilijisifu sana kwa utani huo. Lakini matufaha ya mwisho wa msimu, yenye nta nene, hayakujibu hodi tatu. Miezi miwili nyuma nikapandisha idadi kwa swichi ya tangi mpaka tisa. Kalsiamu ndani ya tunda ikaruka karibu mara mbili. Bodi wakaniandikia barua ya pongezi, mume wangu Hizza akaitundika sebuleni.

Kile ambacho hakikutundikwa sebuleni ni hiki. Maabarani nilijaribu Hodi kwenye ngozi ya binadamu iliyooteshwa kwenye sahani. Hodi ya sita, kimya. Hodi ya saba, ngozi ilifunguka.

Niliandika, usidhani sikuandika. Ukurasa wa arobaini na moja, kwa herufi ndogo. Nikajiambia tone likikauka chembe zinalala, na mtu hagusi tunda lenye dawa mbichi. Sikufikiria kwamba jasho la kiganja ni maji pia.

Kalsiamu ikizidi kwenye damu, moyo unapoteza mpigo. Kuna maji ya kumtundikia mgonjwa yanayoishusha, hospitali ya wilaya wanayo, lakini yanafaa yakiwahi. Kwa mimba ya miezi saba sikujua lolote, na hakuna aliyejua.

Nikatazama saa. Tatu na dakika arobaini. Bodi wangefika saa sita, wangeona matufaha, wangepiga muhuri, saa nane wangeondoka. Nilikuwa na uwezo wa kuwapeleka wanawake hospitali saa nane na robo, nikiwaambia ni uchunguzi wa kawaida. Hodi ingepita, milima ingepona, na pengine hakuna chembe hata moja iliyoingia kwa mtu. Nililipigia hesabu hilo kichwani, nalisema waziwazi, na lilikuwa na mantiki nzuri tu. Kaya mia tatu upande huu, na upande ule wanawake kumi na wanne ambao labda hawana neno.

Halafu nikakumbuka Zaituni alivyonyoosha mikono. Mtu akikuonyesha viganja vyake hivyo anakuamini, na mimi nilikuwa nimemjibu kwa uongo hata kabla sijafikiri. Hicho ndicho kilichoniaibisha, kwamba uongo ulitoka wenyewe. Nikainuka kwenye ndoo.

*

Nilipofika bandani, pale tunapopangia matunda, gari la Bodi lilikuwa limeshaegeshwa. Walikuwa wamewahi saa mbili nzima. Mwenyekiti wao, Bwana Msabaha, mtu mrefu mwenye miwani ya kamba, alikuwa anapokea soda, na wanawake wamejipanga wanatabasamu, mikono misafi. Zaituni akanipungia nije nisimame karibu na mgeni.

Sikusimama karibu na mgeni. Nilisema pale pale mlangoni, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikasema dawa ya leo ina hodi tisa. Nikasema ngozi ya mtu hufunguka hodi ya saba. Nikasema kipimo kimelia kwenye mikono ya Zaituni, na kila aliyepangusa tunda leo apande gari aende hospitali sasa hivi, na kwamba Bwana Msabaha asipige muhuri wowote.

Soda ya Bwana Msabaha ilibaki nusu njia ya mdomo.

Zaituni hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka mkono tumboni, akaniangalia.

"Uliponiambia nikanawe," akasema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ulirudisha mkono."

Akaivuta kanga yake vizuri mabegani, akapanda gari la Bodi bila kuomba ruhusa ya mtu, na wenzake wakamfuata. Bwana Msabaha mwenyewe ndiye aliyemwambia dereva aende.

Ndipo Bi Tunu akatokea nyuma ya banda. Bi Tunu ndiye mpiga dawa wetu, mwanamke wa miaka sitini na ushee, buti za mpira, kanga kiunoni, mkali kama nini. Yeye ndiye anayejaza tangi na kuirusha droni kila siku ya dawa. Ananiita mhandisi wa vioo, yaani wa maabara.

"Nimesikia unatangaza tisa," akasema. "Tisa ipi?"

"Bi Tunu, siyo wakati wake. Tisa niliyoiweka kwenye tangi."

"Uliiweka, ndiyo. Kisha ukaenda zako." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mimi nikairudisha tatu."

Nilidhani sikusikia. "Lini?"

"Siku ile ile. Na kila nilipojua unakuja kuangalia niliiweka tisa, ulipotoka nikairudisha."

"Kwa nini?"

"Kwa nini," akarudia, akimgeukia Bwana Msabaha kana kwamba wanafahamiana siku nyingi. "Baba, wewe unaweza kubisha hodi mara tisa kwenye nyumba ya watu? Ukibisha tatu hujajibiwa, mwenye nyumba hataki au hayupo, unaondoka. Anayebisha mara tisa huyo ni mwizi au ni mgambo. Mimi sirushi dawa yenye tabia hiyo juu ya shamba ninalokula mimi."

Nilikasirika. Nakiri. Pale penye hofu yote ile, kitu cha kwanza kilichonipanda ni hasira, kwa kuwa alikuwa amechezea mtambo wangu. "Unasema uongo ili kunituliza," nikamwambia. "Kalsiamu iliruka mara mbili. Hodi tatu haziwezi. Nilizipima mwaka mzima, haziwezi."

"Ulizipima ukipiga dawa saa ngapi?"

"Saa nne. Jua likishatoka, droni ione matunda."

"Na tone linakaa muda gani kwenye jua la saa nne?"

Nikahesabu. Robo saa, na siku ya upepo hata robo haifiki.

"Siku niliyorudisha tatu," Bi Tunu akasema, "nilijua utakuja kulalamika matunda yamelegea. Nikahamisha muda. Nikapiga saa kumi na mbili, ukungu ukiwa umelala. Nikaacha pazia limefungwa. Tone likakaa juu ya tufaha tangu napiga mpaka watu wamekunywa chai na kuosha vikombe. Masaa mawili na zaidi. Halijakauka, linaingia tu polepole. Nta hiyo hiyo unayoisema. Wewe ulitaka tunda lifungue haraka. Mimi nililipatia nafasi."

Bwana Msabaha aliweka chupa chini. "Kuna namna ya kuhakikisha?" akaniuliza.

Ilikuwepo. Kila chembe ikishakufa hubaki na alama za hodi zake, duara moja jeusi kwa kila hodi, na zinasomeka kwenye darubini ya banda. Sikuwahi kuzisoma kwenye tunda la shamba. Niliangalia matokeo tu, kalsiamu imepanda, basi nikajua sababu. Mhandisi mzima.

Nikaosha ganda la tufaha la asubuhi ile kwenye kisahani. Bi Tunu akanishikia kisahani. Nikaweka jicho.

Maduara matatu. Nikasogeza kioo, maduara matatu. Nyingine mawili, hiyo ilijibiwa mapema. Nyingine matatu, matatu, matatu. Nilihesabu chembe mia mbili na sikuona duara la nne popote. Nikachukua kitambaa ambacho Zaituni alikuwa amejifutia mikono, kilichobaki kwenye ndoano, nikakikamulia kisahani cha pili. Chembe zilikuwa tele, zile zilizofanya kipimo kilie. Zote zimekufa, maduara matatu kila moja, na mzigo wa kalsiamu zimeubeba bado mgongoni. Zilikuwa zimebisha kwenye viganja vya wifi yangu, hazikujibiwa, zikaishia mlangoni.

Nikalia. Si kidogo, nililia mpaka kamasi. Bi Tunu akanipa ncha ya kanga yake.

"Ningekuambia siku nyingi," akasema kwa sauti ya chini, "ila ungenifukuza."

"Ningekufukuza," nikasema, na tukacheka, mimi bado nalia.

Saa nane na nusu simu ikaja kutoka hospitali. Damu za wote kumi na wanne ziko sawa. Daktari alisema ya Zaituni ina upungufu kidogo wa kalsiamu, kama kwa wajawazito wengi, na amemwandikia vidonge.

Bwana Msabaha hakupiga muhuri siku ile. Alifungua ripoti yangu ukurasa wa arobaini na moja, akausoma kwa kidole, akauweka mbele yangu. "Huu uwe wa kwanza," akasema. "Tisa ifutwe kwenye mtambo, isiwepo hata kwa kuichagua. Muda wa ukungu uandikwe, na aliyeugundua aandikwe jina. Mkimaliza niiteni nije." Kisha akala tufaha, alilolipangusa mwenyewe kwenye shati, na akauliza kama anaweza kupata la pili.

Wala haikuniuma. Miezi miwili niliishi na barua ya pongezi kwa kitu ambacho sikukifanya, na kuondolewa sifa hiyo kulikuwa kama kuvuliwa vile viatu vipya.

*

Alasiri nilikwenda kwa Zaituni. Nilibeba kikapu cha matufaha, nikakiona kinachekesha nikiwa njiani, lakini sikuwa na kingine.

Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Redio ilikuwa inasema ndani.

"Hodi," nikasema.

Redio ikazimwa. Hakuna aliyejibu.

"Hodi, wifi."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Nilijua yuko hatua tano kutoka nilipo, ananisikia ninavyopumua. Yote niliyopanga kusema, daktari, maduara matatu, ukungu, alikuwa ameshayapata kwa simu. Kilichobaki ni kile ambacho hakikuhusu chembe.

"Hodi," nikasema mara ya tatu.

Nikasubiri. Kisha nikaweka kikapu kizingitini, nikageuka. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa matete niliposikia mlango.

"Mbona unaondoka?"

Alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu, pamba ya hospitali bado imebandikwa kwenye mkono.

"Nimebisha tatu," nikasema. "Nikibisha ya nne Bi Tunu atanivunja mguu."

Hakucheka mara moja. Mdomo ulimcheza kidogo, akaubana. "Nilikuwa nataka nione kama utavunja mlango. Nimekaa pale ndani nasema, huyu akiingia bila kukaribishwa, sitazungumza naye mpaka mtoto aingie shule."

"Wifi, asubuhi nilikudanganya."

"Najua."

"Nilikaa kwenye kibanda cha tangi nikataka kukudanganya mpaka saa nane. Nilishapanga mpaka maneno."

Hilo hakuwa analijua. Nililiona likimfika. Akatazama chini kwenye kikapu, akanitazama tena.

"Mbona unaniambia?"

"Ili usilisikie kwingine."

Akavuta pumzi ndefu, akashika kiuno kama wafanyavyo wenye mimba kubwa. "Haya. Limekaa hapo, tutagombana kwa hilo siku nyingine nikiwa na nguvu." Kisha akanyoosha mikono yake miwili kwangu, viganja juu, vilevile kama asubuhi. "Pima."

"Sikuja na kipimo."

"Najua hukuja nacho."

Nikarudi kutoka kwenye ua, nikavua viatu pale kizingitini, na nikaishika mikono yake yote miwili.